Kutafuta mizizi ya kyubiki bila kuhangaika

Wadogo zangu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Moshi, hasa nyie wa twisheni ya jioni pale Majengo, kyubiki, yaani mlinganyo ambao kipeo kikubwa cha x ni 3, isiwatishe. Tuchukue x³ − 5x² + 9x − 5 = 0. Usikimbilie fomula ya Cardano ya mwaka 1545, ni ndefu mno, anza kujaribu vigawanyo vya namba ya mwisho, yaani ±1 na ±5, weka 1 unapata 1 − 5 + 9 − 5 = 0, basi 1 ni mzizi, yaani thamani ya x inayofanya yote iwe sifuri, na (x − 1) inagawanya yote bila baki.

Gawanya, unapata x² − 4x + 5, yaani a = 1, b = −4, c = 5. Hapa ndo utamu ulipo: b² − 4ac ni 16 − 20 = −4, hasi, kwa hiyo mizizi miwili iliyobaki ni changamano (namba zenye i, ambapo i² = −1), 2 + i na 2 − i. Namba za mbele ya x zikiwa halisi, changamano hazijagi peke yake, zinakuja mbili mbili, ndo maana kyubiki, yenye mizizi mitatu, haikosi angalau mzizi mmoja halisi.

Kuhakiki, jumlisha mizizi: 1 + 2 + i + 2 − i = 5, kinyume cha ile −5 ya x². Ikigoma, rudia kugawanya, alama za kutoa ndo zinawaponzaga wengi.