Nyuma ya paja: maumivu kuisha si kupona

Ndugu zangu wa ndondo, msuli wa nyuma ya paja ukichanika kidogo, maumivu huondoka kabla nguvu haijarudi. Ndiyo maana wengi huumia tena palepale, hasa wiki 2 za kwanza baada ya kurudi uwanjani.

Kabla ya kuvaa njumu, lala chali, weka kisigino cha mguu ulioumia juu ya kiti, goti likiwa limekunjwa kidogo, nyanyua kiuno ushuke, hesabu mpaka uchoke. Rudia kwa mguu mzima. Hesabu zikipishana sana, mechi isubiri, hata kama kocha anakuita. Zikikaribiana, anza mbio za kasi ya kati, ongeza kidogo kila mazoezi mpaka ukimbie kasi yako yote bila woga.

Ulisikia kitu kikikatika, au huwezi kukanyaga? Nenda hospitali kwanza.