Vidole vikavu, visigino laini: kutunza miguu katika joto la Mombasa

Miguu yetu hapa hulowa mara nyingi mno kwa siku: kutawadha, kuoga asubuhi na jioni kwa sababu ya joto, kudeki, jasho ndani ya viatu, na masika yakiingia, madimbwi ya njiani. Matokeo yake ni kwamba mguu mmoja unaugua namna mbili. Katikati ya vidole ngozi inakaa majimaji na kushika fangasi. Kisiginoni inakauka na kutoa magaga. Kwa hivyo kosa kubwa ni kupaka mafuta mguu mzima, kisigino pamoja na katikati ya vidole. Nyuma unatibu, mbele unalisha ugonjwa.

Fangasi wa vidoleni

Anza kutazama kati ya kidole kidogo kabisa na kinachokifuata, maana hapo ndipo vidole vinapobanana zaidi. Kaa karibu na dirisha, vitenganishe. Ngozi yenye fangasi huwa nyeupe, imevimba maji kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Ukiigusa inabanduka, na chini yake ni nyekundu na inawasha.

Osha kwa sabuni ya kawaida, kisha kausha kidole kwa kidole kwa kitambaa cha miguu peke yake. Kaa dakika kumi miguu wazi kabla ya dawa. Paka krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 asubuhi na usiku, tabaka jembamba tu, ivuke mpaka wa ugonjwa kama sentimita 2. Muwasho hupungua mapema, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Fangasi bado wako hai. Endelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana nzima. Jumla huwa kama wiki nne. Terbinafini ya asilimia 1 ni ya haraka zaidi: kwa fangasi wa kati ya vidole, mara moja kwa siku kwa wiki moja mara nyingi hutosha.

Soma pakiti kabla ya kulipa. Ikiwa ndani yake mna betamethasoni au klobetasoli, irudishe. Hizo ni steroidi: zinatuliza muwasho haraka, lakini zinaidhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi wanasambaa kimyakimya.

Anayetawadha na kukhalili vidole ameshapitisha maji pale. Basi apitishe na kitambaa vilevile kabla ya kurudi kwenye soksi. Champali za pamoja za msalani na bafuni huambukiza, kwa hivyo beba zako. Viatu vya kufunika viwe jozi mbili za kupokezana, ili kila jozi ipate siku nzima ya kukauka, na soli ya ndani itolewe ianikwe. Raba za mitumba ulizonunua soko la Kongowea zibadilishe soli ya ndani kabla ya kuzivaa. Anayeshinda kwenye gambuti au buti za kazi bandarini abebe soksi za pili za pamba, abadilishe adhuhuri.

Kucha zikishakuwa nene, za manjano na zinameguka, krimu haipenyi. Zinahitaji vidonge vya daktari, kwa kawaida miezi mitatu, na ini hupimwa kwanza. Ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya, basi usidhani dawa imeshindwa.

Magaga

Kisigino kina mto wa mafuta chini ya ngozi. Ukikanyaga ndani ya champali au makubadhi yaliyo wazi nyuma, hakuna cha kuuzuia mto huo usitanuke pembeni. Ngozi laini inavutika. Ngozi nene na kavu inapasuka. Ndiyo maana magaga huwasumbua zaidi wanaosimama kutwa, walionenepa, na wanaotembea pekupeku kwenye saruji.

Loweka visigino kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, si zaidi, na usitie sabuni ya unga, inakausha. Sugua kwa jiwe, taratibu, dakika mbili tatu, mara mbili kwa wiki. Ngozi ikianza kuwa na joto, acha. Futa juujuu, na kabla unyevu haujapotea paka krimu yenye urea, kemikali ya kulainisha ngozi, asilimia 20 hadi 25. Kama ufa uko wazi urea itachoma, kwa hivyo anza na mafuta ya mgando mpaka ufungike. Vaa soksi za pamba ulale nazo. Mafuta ya nazi ni mazuri, lakini kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Ukiyapaka kwenye kisigino kikavu umefunika ukavu tu.

Wembe usiuguse. Ukipita ngozi iliyokufa unafungua mlango wa usaha.

Na kama unyayo mzima una unga mweupe kwenye mistari yake, hasa mguu mmoja, na mafuta hayasaidii wiki tatu, huenda hayo si magaga bali ni fangasi wa unyayo.

Mengineyo

Kucha kata moja kwa moja, usichimbe pembeni. Ukucha ukishaingia nyamani, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku, na uvae kiatu cha wazi. Ukiona usaha nenda zahanati. Lengelenge usilipasue kama haliumi.

Hina asilia hutoa rangi ya hudhurungi. Piko nyeusi huwa na kemikali za rangi ya nywele, na baadhi ya miguu hutoka malengelenge yanayofuata ua lilivyochorwa, siku moja hadi kadhaa baadaye. Osha, mwone daktari, na usipake tena maisha yako yote: mzio huo hauondoki, na rangi ya nywele nayo itakudhuru.

Ukikanyaga baharini, maji yakipwa, kile kiumbe cheusi chenye miiba mirefu kinachokaa miambani, toa miiba inayoonekana kwa kibanio, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unaovumilika, kama nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Mwenzako ayapime kwanza kwa kiwiko. Alama nyeusi ikifutika kwa siku mbili ilikuwa rangi tu. Ikibaki na maumivu, mwiba umo ndani, na usiuchimbe mwenyewe.

Msumari wa kutu unahitaji sindano ya pepopunda ikiwa ya mwisho imepita miaka mitano, au kama hukumbuki.

Mwenye kisukari

Hapa sheria zinabadilika. Ganzi humfanya mtu asihisi changarawe kiatuni wala mchanga wa mchana unaounguza. Asiloweke miguu, asisugue kwa jiwe mwenyewe, asitumie plasta za sugu zenye asidi, asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Kila usiku atazame nyayo kwa kioo au amwombe mwanawe amtazamie, na kabla ya kuvaa kiatu atie mkono ndani. Kidonda chochote, hata kisichouma, kionwe siku hiyohiyo au kesho yake. Kidole kilichogeuka cheusi, wekundu unaopanda mguuni au homa ni vya hospitali sasa hivi.

Ukifika kliniki, vua viatu na soksi zote mbili hata kama hujaulizwa, na sema una kisukari kabla ya kueleza kidonda.