Jinsi ya Kutofautisha Koloidi na Mmumunyo Halisi kwa Vitu vya Nyumbani

Katika maji ya chumvi, chumvi imegawanyika hadi kuwa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) ndogo kuliko nanometa 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, na huo ndio mmumunyo halisi. Katika koloidi, chembe zilizotawanyika ni kubwa zaidi, kwa kawaida kati ya nanometa 1 na 1,000. Jicho tupu haliwezi kuzitenga moja moja, lakini zinatosha kuutawanya mwanga. Kitambaa cha kuchujia hakitakusaidia, kwa kuwa ayoni na chembe za koloidi zote hupenya. Tumia mwanga, kama alivyofanya mwanafizikia John Tyndall katika karne ya 19.

Andaa bilauri tatu za kioo zisizo na nakshi, tochi, na kipande cha boksi chenye tundu dogo. Bilauri ya kwanza itie maji safi peke yake, ya pili maji yenye kijiko cha chumvi laini ya pakiti, na ya tatu maji yenye matone mawili au matatu ya maziwa. Chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu ya Lindi na Mtwara haifai hapa, kwa sababu inaweza kubeba udongo, na utakachokiona kitakuwa udongo huo, si chumvi. Tia chumba giza, pitisha mwanga kwenye tundu, kisha tazama kila bilauri kutoka ubavuni. Mwali utaonekana wazi ndani ya maji yenye maziwa, ambayo ni koloidi, tena wenye rangi ya samawati kidogo, lakini ndani ya maji ya chumvi hautaonekana, au utafifia sawa na katika maji matupu. Usiiache bilauri ya maji matupu: ikiwa maji yenyewe yana vumbi, ni hiyo pekee itakayokuonya.

Tui la nazi linastahili uangalifu zaidi. Ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na kuzuiwa na protini za nazi yasiungane. Mengi ya matone hayo huvuka nanometa 1,000, ndiyo maana tui likiachwa kwa saa kadhaa sehemu yenye mafuta mengi hupanda juu. Mpaka huo wa vipimo umewekwa na watu, na vitu vya jikoni haviufuati kwa ukali. Likichemka sana bila kukorogwa, protini huharibika, matone huungana, na tui hukatika. Maji ya chumvi hayakatiki hata yakichemka: maji hukauka na chumvi hubaki, kama inavyokuwa juani katika mashamba ya chumvi.

Maliza na maji ya tope. Yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina yale ya juu ambayo bado yana ukungu. Chembe za udongo zilizobaki zina chaji hasi na husukumana, kwa hiyo hazizami. Koroga humo shabu kidogo iliyosagwa. Ayoni zake za alumini huipunguza chaji hiyo, chembe hushikana, huwa nzito na kutua. Chumvi ya bahari hufanya kazi ya namna hiyo pale maji ya mto Lukuledi yanapoingia ghuba ya Lindi. Hata yakitakata, maji hayo bado yanaweza kuwa na vijidudu; yachemshe kabla ya kuyanywa.