Nyumba ya mteremkoni: namna ya kuyakwepesha maji ya mvua

Hapa Kigoma, mwisho wa reli, nyumba zinasumbuliwa na maji ya aina mbili. Ziwa Tanganyika likipanda halishuki upesi, maana lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo. Huko ufukweni, kwa viroba vya mchanga utajichosha bure. Heshimu zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga. Mimi fundi nazungumza na waliojenga mteremkoni, ambako maji hupita kwa nusu saa tu na kuuacha msingi uchi.

Hatua ya 1. Mvua ikinyesha, toka na mwavuli. Chomeka vijiti maji yanapoingilia na yanapotuama. Bila vijiti hivyo, kiangazi utachimba kwa kubahatisha.

Hatua ya 2. Anza na paa. Wengi wanaulaumu mlima, kumbe maji ni ya bati lao wenyewe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 50, hizo ni lita 4,000: madumu 200 ya lita 20, yote yakidondokea kwenye msingi! Funga gata, peleka maji kwenye tangi, na bomba la kumwagia tangi likijaa liishie mbali na ukuta.

Hatua ya 3. Chimba mfereji upande wa mlimani, kama mita 2 au zaidi kutoka ukutani, uikumbatie nyumba na kutokea pembeni. Ushuke sentimita 1 kwa kila mita. Pima kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ambao maji yake husimama usawa mmoja ncha zote mbili; jicho hudanganya. Ukizidisha mteremko, udongo wetu mwekundu utakatika na mfereji utageuka korongo, labda uujengee mawe. Udongo uliochimba urundike upande wa nyumba, ushindilie, uoteshe majani juu yake. Na mwisho wa mfereji uufikirie kwanza. Wa kwangu wa kwanza niliuishiza kwenye ua wa jirani. Mvua moja tu, akanigongea alfajiri ameshika jembe. Tuliuchimba upya pamoja, kwa gharama yangu.

Hatua ya 4. Ardhi inayozunguka nyumba iinamie nje, sentimita 5 kwa kila mita. Jaza udongo wa mfinyanzi, si mchanga, maana mchanga unakunywa maji na kuyapeleka msingini.

Hatua ya 5. Maji yakishafika mlangoni, zima swichi kuu kabla hujakanyaga maji. Tandika nailoni, panga viroba juu yake kwa kupishanisha kama matofali. Kila kiroba kijae nusu tu, mdomo ukunjwe chini, ukikanyage kilale. Kilichojaa pomoni huacha matundu.

Mvua ikiisha, usikimbilie kupiga plasta. Ukuta ukauke kwanza. Na kama ni wa tofali mbichi na umelowa chini, watoto walale kwa ndugu siku hizo. Ukuta wa namna hiyo unaweza kuanguka jua likiwa linawaka.