Unapangaje maboresho ya miaka kadhaa kwenye makao ya watoto

Kama unasimamia makao ya watoto hapa Kenya, usianze na kupaka rangi mabweni, anza na mafaili. Chukua faili la kila mtoto ujiulize, huyu katoka wapi, nani yuko hai kwao, mara ya mwisho kuongea na shosho yake ni lini? Utashangaa, wengi wana ndugu kabisa, mara nyingi ni umaskini uliwaleta. Na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia, kwa hiyo ukipanga kuongeza vitanda tu ushapotea njia.

Mwaka wa kwanza tafuteni ndugu pamoja na afisa wa watoto, lakini msimrudishe mtoto ghafla, aende wikendi kwanza, halafu likizo ya Agosti, na mtu azidi kumtembelea hata akisharudi kwao.

Wanaobaki, usiwabadilishie walezi ovyo. Mtoto aliyezoea mama mmoja akiamka usiku akute sura ngeni, hapo ni kilio mpaka asubuhi. Mlezi alipwe kwa wakati.

Na wageni wa pipi na selfi? Wapunguze bwana, pesa wanayotaka kutoa iende kwa kibanda cha mboga cha shosho, ili aweze kumlea mjukuu wake nyumbani.