Kukusanya sireze za zamani zinazovuta vumbi: cha kukagua na cha kutengeneza

Nyumba nyingi za zamani za Lubumbashi, zile zilizojengwa jiji lingali linaitwa Élisabethville, zina sakafu za saruji ya kupakwa nta, na baadhi zina parketi, yaani sakafu ya vipande vya mbao. Ndiyo maana sireze, yaani mashine za kung'arisha sakafu, bado hujitokeza kwenye stoo, gereji na kwa wauza vitu vya mitumba kutoka Ulaya. Nyingi hung'arisha tu. Zinazostahili kutafutwa ni zile zinazovuta vumbi pia. Mota moja huzungusha brashi, mara nyingi tatu, na pia feni inayonyonya vumbi linaloinuliwa na brashi na kulisukuma mfukoni. Italia ya miaka ya 1960 na 1970 mashine za aina hii zilikuwa chombo cha kawaida cha nyumbani, kwa hiyo usishangae kukuta bamba lenye maandishi ya Kiitaliano.

Anza na upande wa kuvuta, kwa sababu ndio hukosa vitu. Pindua mashine. Tafuta tundu la kunyonya katikati ya brashi au pembeni mwake, kisha fuata njia ya hewa hadi mdomo wa mfuko. Sketi ya mpira au ya manyoya inayozunguka chini lazima iwepo, maana bila hiyo brashi hurusha vumbi pembeni kabla feni haijalishika. Hesabu brashi zote, uliza pedi za felti za kumalizia, na angalia kama pete au klipu ya kushikia mfuko ipo. Mfuko utashonwa upya, pete yake ni kazi ngumu zaidi. Kati ya mashine nzuri ya kung'aa isiyo na sketi wala pete na nyingine iliyokwaruzika lakini kamili, chukua ya pili bila kusita.

Soma bamba la mota. Umeme wetu ni 220 V, 50 Hz. Mashine ya 110 au 125 V itaungua upesi ukiichomeka moja kwa moja. Itumie na transfoma yenye nguvu angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa: mota ya 400 W inataka transfoma ya 600 VA au zaidi. Hz haina shida kubwa, kwa sababu mota hizi zenye kaboni, yaani vipande vya makaa vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, hufanya kazi kwa 50 na kwa 60.

Usiiwashe dukani kwa sababu tu muuzaji anasema "inatembea". Waya za mpira za zamani hukauka na kupasuka, hasa pale zinapoingia kwenye mkono wa mashine na pale mkono huo unapokunjika. Zungusha brashi kwa mkono. Zikigoma kabisa, mara nyingi ni nta iliyoganda na nywele zilizojisokota kwenye ekseli, si lazima mota iwe imekufa. Kisha pima kwa multimeta kati ya pini mbili za plagi, swichi ikiwa imewashwa. Ukipata ohm chache au makumi ya ohm, njia ya umeme ni nzima. Isiposoma chochote, shuku waya, swichi au kaboni zilizokwisha. Kati ya pini hizo mbili na chuma cha mwili kusiwe na mawasiliano yoyote. Kama fundi ana kipimo cha insulesheni (kinachoonyesha kama umeme unavuja) cha 500 V, kisisome chini ya megohm 1.

Nyumbani, kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, fanya hivi:

1. Badilisha waya wote na plagi. Kama mwili ni wa chuma na mashine ilikuwa na waya wa ardhi, weka waya wa nyuzi tatu na ufunge ule wa ardhi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.
2. Toa kapasita ndogo ya kuzuia kelele za redio, ile iliyo karibu na swichi. Zikizeeka hupasuka, hutoa moshi au hupitisha umeme kwenye mwili. Weka mpya iliyoandikwa X2 kati ya waya mbili za umeme. Zinazokwenda kwenye mwili ziwe za aina ya Y tu.
3. Toa kaboni, ukipiga alama upande uliokuwa umetazama juu. Zikiwa chini ya milimita 6 hivi, badilisha. Usipopata saizi yake, nunua kubwa kidogo na uisugue kwa msasa laini hadi iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama.
4. Safisha komuteta, yaani pete ya vipande vya shaba inayosuguliwa na kaboni, kwa kitambaa chenye spiriti. Cheche ndogo za buluu ni kawaida. Cheche zinazozunguka komuteta yote mara nyingi ni dalili ya koili iliyokatika au iliyopiga shoti, na kusuka upya rota (sehemu ya mota inayozunguka) ya mwendo kasi kunahitaji fundi anayejua kuisawazisha. La sivyo itatetemeka mpaka iharibu beringi.
5. Beringi soma namba ubavuni: 608 au 6200 ni saizi za kawaida. Kama ni bushi za shaba, matone mawili ya mafuta ya cherehani yanatosha. Yakizidi hufika kwenye kaboni.

Mpira wa kuendeshea, uwe mkanda au gurudumu, ukishakuwa mgumu huteleza: mota inanguruma, brashi zinasimama ukizikandamiza sakafuni. Peleka wa zamani kama sampuli, ukipima mzunguko, upana na unene.

Mfuko shona kwa kaki ya pamba iliyofumwa kwa kubana, mishono ikikunjwa mara mbili. Kitambaa chepesi huachia vumbi jekundu la kiangazi, nalo hurudi juu ya samani. Kitambaa kisichopitisha hewa nacho kinaua uvutaji, na kwenye mashine ambazo hewa hiyohiyo hupoza mota, kinaichoma. Umwage ukifika theluthi moja, kwa sababu vumbi lenye nta huziba nyuzi mapema.

Nta ngumu kwenye brashi itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nje ya nyumba, kisha uoshe nywele kwa sabuni na maji ya vuguvugu bila kulowesha mbao. Kausha nywele zikitazama chini. Brashi zisirudi kwenye mashine kabla harufu ya mafuta haijaisha.

Ukiitumia, subiri nta ya tapentaini ikauke kabisa, madirisha yakiwa wazi. Feni hunyonya mvuke wake, na kaboni zinatoa cheche: hapo moto unaweza kuwaka. Maji usiyavute kamwe. Wakati wa kuhifadhi, mashine isisimame juu ya brashi zake, kwa maana nywele zikilala miezi haziinuki tena. Zitoe, uandike kila moja ilikaa nafasi gani, na uzifunge kwenye karatasi pamoja na pedi.