Namna ya Kuandaa Chemsha Bongo ya Treni za Kuchezea na Wahusika Wake wa Hadithi

Mtoto anayecheza na treni kila siku mara nyingi huzijua kuliko mtu mzima anayetaka kumuuliza maswali, na ndiyo maana chemsha bongo iliyoandaliwa kwa haraka humchosha upesi. Kabla ya kuandika swali la kwanza, zipange treni zenyewe sakafuni uzitazame moja baada ya nyingine: namba iliyoandikwa ubavuni, rangi, idadi ya magurudumu, na mahali behewa linapoungwa. Maswali mazuri huanzia hapo, kwa sababu mtoto aliyesahau jibu anaweza kuichukua treni, akaigeuza na kulitafuta kwa macho yake mwenyewe.

Tuchukue kundi la Thomas, injini ya hadithi za watoto za Kiingereza, ambalo watoto wengi wanalifahamu. Thomas ni namba 1, Edward 2, Henry 3, Gordon 4, James 5, Percy 6 na Toby 7. Kuuliza tu kwamba Percy ana namba gani ni kupima kumbukumbu na basi, lakini ukiuliza, “Namba ya Percy ukiijumlisha na ya Thomas unapata namba ya nani?” mtoto atahesabu, atatafuta, kisha atamwinua Toby juu kwa furaha. Toby mwenyewe anastahili swali lake. Umbo lake ni la sanduku la rangi ya kahawia, na ubavuni ana mabamba yanayofunika magurudumu. Muulize mtoto mabamba hayo ni ya nini, umpe muda wa kufikiri, ndipo umweleze kwamba Toby ni injini ya tramu, na injini za namna hiyo zilipita kandokando ya barabara, kwa hiyo magurudumu yalifunikwa ili yasiwadhuru watu na wanyama.

Ukishamaliza yanayoonekana, ingia katika historia. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: je, Thomas alikuwamo katika kitabu cha kwanza? Karibu kila mtu hujibu ndiyo, na karibu kila mtu hukosea. Hadithi hizi zilianza pale kasisi Mwingereza, Wilbert Awdry, alipokuwa akimliwaza mwanawe Christopher aliyeugua surua. Kitabu cha kwanza kilichapishwa mwaka 1945, na wahusika wake wakuu walikuwa Edward, Gordon na Henry. Thomas alikuja katika kitabu cha pili, mwaka 1946, baada ya Awdry kumchongea mwanawe injini ya mbao. Kwa maneno mengine, Thomas alikuwa kitu cha kuchezea kabla hajawa mhusika wa kitabu, na jambo hilo mtoto aliyemshika Thomas mkononi anapaswa kuambiwa.

Hapa kuna tahadhari moja ambayo mwandaaji asiipuuze: kila swali litaje limetoka wapi, kitabuni au kwenye kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1984, ambacho msimulizi wake wa kwanza alikuwa Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles. Henry anaonyesha vizuri sababu yake. Anajulikana kuwa wa kijani, na katika kitabu cha kwanza alijificha ndani ya handaki kwa kuogopa mvua isimharibie rangi hiyo; lakini baadaye alipakwa buluu, wasomaji wakaanza kumchanganya na Gordon, na mwishowe akarudishiwa kijani chake. Ukiuliza “Henry ana rangi gani?” bila kusema ni wakati gani, mtoto anayejibu buluu ana haki ya kudai alama yake, nawe umpe.

Wahusika wengine nao wapewe nafasi. Mwaka 1930 kilitoka Marekani kitabu The Little Engine That Could, ambamo injini ndogo ya buluu inakubali kuvusha mlimani shehena ya vitu vya kuchezea na chakula cha watoto. Katika Kiingereza injini hiyo ni ya kike, jambo ambalo Kiswahili hakilionyeshi kwa sababu “yeye” wetu ni mmoja, kwa hiyo ukitaka kulitumia ni lazima uliulize waziwazi. Lugha yetu hata hivyo ina msaada wake: andika “Thomas amechelewa” unapomzungumzia mhusika, na “treni imekatika gurudumu” unapozungumzia kifaa, na mtoto ataelewa mara moja unauliza habari za nani au za nini.

Kwa wakubwa, ongeza maswali machache ya watengenezaji: Märklin ya Ujerumani, iliyoonyesha mwaka 1891 treni zenye vipimo maalumu vya upana wa reli, au Lionel, iliyoanzishwa New York mwaka 1900. Yasizidi mawili au matatu, kwa kuwa watoto wadogo hawana hamu ya majina ya kampuni.

Andika kila swali kwenye kadi yake, na nyuma ya kadi uweke jibu pamoja na mahali ulikolipata. Anza na yale ambayo jibu lake liko sakafuni, lile la kitabu cha kwanza liwe katikati, na mtoto akipinga jibu lako, fungueni kitabu pamoja kabla ya kuendelea na kadi inayofuata.